Maonyesho ya Vichezeo vya Zamani na Magarimoshi Madogo

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Namtumbo

Naamini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na penseli. Baadaye nitamwomba mwalimu wa darasa atuandikie hesabu moja ubaoni, basi chaki na iwe tayari. Yafaa pia tupate viberiti vinane, vitupu au vyenye njiti, si neno, ila vyote viwe vya ukubwa mmoja.

Leo nataka tutembee pamoja. Tutakwenda kutazama vichezeo vya zamani na mifano midogo ya magarimoshi. Najua mzee mmoja pale nyuma amekwisha guna: "Sisi wenye wajukuu tunafundishwa vichezeo?" Subiri kidogo, mzee wangu. Vichezeo ni vya watoto, lakini mtu aliyejifunza kuvitazama vizuri husoma ndani yake habari za mababa: walisafiri kwa nini, walitumia chuma gani, nani alikuwa na fedha na nani hakuwa nazo. Na wewe sasa unajua kusoma. Basi tusome vitu, kama tulivyosoma maneno.

Kwanza tupambanue mambo mawili. Kichezeo ni kitu alichopewa mtoto, au alichokiunda mwenyewe, akakipiga chini, akakivuta mavumbini. Mfano mdogo ni kitu kingine. Huo huundwa na fundi kwa kipimo, ili mtu aone jinsi kitu kikubwa kilivyo bila ya kukileta kitu chenyewe. Mfano hauvutwi mavumbini. Huwekwa ndani ya kabati la kioo, na watu huutazama huku mikono yao iko nyuma. Katika maonyesho mengi vitu hivi viwili huwekwa pamoja, na mgeni asipovipambanua hutoka amechanganyikiwa.

Katika Afrika ya Mashariki, mahali pazuri pa kuona mifano ya namna hiyo ni Makumbusho ya Reli, Nairobi, karibu na stesheni kuu ya mji. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la reli. Shirika lile lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, lakini makumbusho yalibaki, na ndiyo maana ndani yake utakuta vitu vyetu sisi pia, si vya Kenya peke yake.

Safari ya kutoka Namtumbo mpaka huko ni ndefu: Songea, Dar es Salaam, Arusha, halafu kuvuka mpaka wa Namanga. Wengi wetu hatutafika. Kwa hiyo fumbeni macho kidogo, nami nitakuwa mwenyeji wenu.

Ukilipa kiingilio unaingia katika jengo la zamani la reli. Ndani mna mifano ya magarimoshi na mifano ya meli, picha, vyombo vya mezani walivyolia abiria wa daraja la kwanza, na vitu vingine vya ajabu. Kuna kiti kilichokuwa kikifungwa mbele ya injini, ili mgeni mkubwa akae pale atazame wanyama, na wengine waliwapiga risasi hapo hapo. Kuna pia behewa alimouawa Charles Ryall, ofisa wa polisi, katika stesheni ya Kima mwezi wa Juni mwaka 1900. Alikuwa akimvizia simba aliyekuwa akila watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa behewani. Watoto wa shule hukusanyika kwenye behewa lile kuliko pengine pote, na siwalaumu.

Lakini sisi twende kwenye mifano. Ukiinama mbele ya kabati, utaona garimoshi zima unaloweza kulikumbatia. Magurudumu yapo, ngazi ya dereva ipo, vishikizo vya milango vipo. Halafu toka nje uani. Huko yamesimama magarimoshi yenyewe, makubwa, na moja wapo laitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Injini za aina hiyo zilikuwa 34. Ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda kwa ukubwa katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja.

Kwa nini zilikuwa ndefu vile na bado ziliweza kupita kwenye kona? Sikilizeni, maana hapa pana akili ya fundi. Tangi la kuchemshia maji liliwekwa katikati, limening'inizwa kama machela. Mbele yake palikuwa na seti moja ya magurudumu na mashine zake, na nyuma yake seti nyingine. Kila seti iliweza kugeuka peke yake, kama wachukuzi wawili wa machela wanavyopinda njia ya porini: wa mbele anakata kona, wa nyuma bado yu kwenye mstari, na mgonjwa hadondoki. Kwa njia hiyo injini moja ilipanda kutoka pwani ya Mombasa mpaka Nairobi, penye kimo cha zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Sasa mwalimu, chaki. Injini ile ilikuwa na urefu wa karibu mita 31 na sentimita 70. Kipimo kimoja kinachotumiwa sana na waunda mifano duniani ni cha moja kwa 87. Maana yake, kila sentimita 87 za kitu kikubwa huwa sentimita moja ya kitu kidogo. Gawanya sentimita 3,170 kwa 87. Jibu ni sentimita 36 na kitu. Injini iliyo ndefu kuliko nyumba zetu nyingi imekuwa ndefu kidogo kuliko rula ya shule.

Hiyo ni rahisi. Sasa uzito. Injini ile ilikuwa na tani 250 hivi. Je, mfano wake ukiundwa kwa chuma kile kile, na kila sehemu yake ikipunguzwa sawasawa, utakuwa na uzito gani? Wengi watagawanya kwa 87 na kupata karibu tani tatu. Haiwezekani! Kitu cha sentimita 36 hakiwezi kuwa na tani tatu.

Hapo ndipo viberiti vinapohitajiwa. Weka kiberiti kimoja mezani. Sasa jenga kiberiti kikubwa ambacho urefu wake ni mara mbili, upana wake mara mbili, na kimo chake mara mbili. Utahitaji viberiti vingapi? Jaribuni... Ni vinane. Si viwili. Kwa sababu umezidisha mara tatu: mbili kwa mbili kwa mbili. Vivyo hivyo injini yetu: hatugawanyi kwa 87 mara moja, bali mara tatu. 87 kwa 87 kwa 87 ni 658,503. Tani 250 ni kilo 250,000. Gawanyeni, mtaona kwamba mfano huo utakuwa na gramu 380 hivi, haifiki hata nusu kilo ya sukari. Mwenye kukariri jambo hili hatadanganywa na muuza tangi la maji anayesema kwamba tangi "kubwa mara mbili" linajaza maji mara mbili tu.

Mfano mzuri ni wa kweli, lakini hausemi kweli yote. Behewa dogo lililopakwa rangi nzuri halitakuambia kwamba wakati wa ukoloni Waafrika wengi walisafiri daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao, na vyombo vile vya mezani havikuwa vyao. Reli ya Mombasa mpaka Kisumu, iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika, na katika hao Wahindi karibu 2,500 walikufa. Hakuna fundi aliyewaweka kwenye reli yake ndogo. Mtazamaji lazima aulize mwenyewe: watu wako wapi hapa?

Tuvuke bahari sasa, tuone vichezeo hivi vilianzia wapi. Huko Ulaya, reli zilipokwisha enea, watoto walitaka kuwa na magarimoshi yao. Ya kwanza yalikuwa ya mbao au bati, yanavutwa kwa kamba. Mengine yalikuwa na tangi dogo la maji na taa ya spiriti chini yake, yakaenda kwa mvuke wa kweli, yakamwaga maji juu ya sakafu ya mama. Halafu yakaja ya ufunguo. Ndani yake mna springi, yaani utepe wa chuma cha pua uliozungushwa kama jongoo aliyejikunja. Ukitia ufunguo na kuzungusha, utepe hujikaza. Ukiuacha, hutaka kujikunjua, na katika kujikunjua huzungusha vigurudumu vyenye meno, navyo huzungusha magurudumu ya gari. Saa ya ukutani ya zamani ilifanya kazi vivyo hivyo.

Mwaka 1891, katika soko la maonyesho la Leipzig, kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha jambo lililoonekana dogo, lakini lilibadilisha kazi yote. Kiliuza reli za vipimo maalum. Mtoto aliyepewa kipande kimoja mwaka huu aliweza kununuliwa kingine mwaka ujao, na vikashikana. Kabla ya hapo garimoshi likiharibika, habari imekwisha. Sasa kichezeo kiliweza kukua pamoja na mtoto, na baba akajikuta hana pa kukimbilia kila sikukuu. Huko Liverpool, Frank Hornby, aliyekwisha julikana kwa vipande vyake vya chuma vya kufunga kwa skurubu, alianza kuuza magarimoshi madogo mwaka 1920. Baadaye ufunguo ulitoka na umeme ukaingia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya vichezeo vya chuma huko Uingereza viligeuzwa kutengeneza vitu vya vita, na watoto wakabaki na vya kaka zao.

Leo vitu hivyo vimewekwa katika makumbusho. Mji wa Brighton, Uingereza, una makumbusho ya vichezeo na mifano yaliyofunguliwa mwaka 1991 chini ya stesheni yenyewe ya reli. Wako pia watu binafsi wanaovinunua kwa fedha nyingi. Na hapa sikilizeni kwa makini. Garimoshi lenye sanduku lake la karatasi huuzwa kwa bei kubwa kuliko garimoshi lile lile lisilo na sanduku. Sanduku lenyewe ni karatasi ngumu tu. Kinachotafutwa ni sanduku lile la asili, na juu yake yamo maandishi: jina la kiwanda, namba, jina la kitu. Wengine hutaka lile ambalo halikuchezewa kamwe. Mimi sikubaliani nao. Napenda lile lililobambuka rangi ubavuni, mahali kidole gumba cha mtoto kilipokuwa kikishika kila siku. Lakini hata lile, bila maandishi, ni yatima. Huwezi kusema ni la nani.

Basi turudi nyumbani, kwa sababu ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo.

Tazama nje ya darasa lako. Huenda sasa hivi mtoto anapita na lori la waya. Mnalijua vizuri. Waya umekunjwa ukawa kichwa na bodi. Magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Mti mrefu umesimama kwa nyuma, na juu yake usukani, ili dereva aendeshe akiwa wima. Wengine hutumia mkebe wa mafuta ya kupikia, wengine mabua ya mahindi, na magurudumu ya mti yaliyochongwa kwa panga. Dada yake ana mwanasesere wa gunzi, mwenye nywele za hindi bichi. Ng'ambo ya ziwa, huko Malawi, gari la waya huitwa galimoto, na kila mtu analijua.

Ukilitazama lori hilo kama tulivyotazama mifano ya Nairobi, utaona mambo. Bodi yake ni ndefu, na mara nyingi limepakiwa vijiti au majani. Ni tumbaku, ni mahindi, ni mkaa. Mtoto ameunda kinachopita mbele yake katika barabara itokayo Songea kwenda Tunduru. Mtoto wa kando ya reli, kule Morogoro au Tabora, akifunga mikebe mitano kwa kamba moja baada ya nyingine, hajaunda lori. Ameunda garimoshi. Wa kwetu haundi garimoshi, kwa sababu hapajapita garimoshi Namtumbo. Mpango wa reli kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay umezungumzwa kwa miaka mingi. Itakapopita, vichezeo vya watoto vitatupasha habari kabla ya magazeti. Lakini hata wakati huo hawatatia moshi. Treni iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 huenda kwa umeme. Moshi umebaki katika neno letu tu.

Kusini, hata hivyo, si kwamba reli haikuwepo kamwe. Upande wetu wa mashariki, ukipita Tunduru, kule Nachingwea, palikuwa na reli. Serikali ya Kiingereza iliijenga kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Treni zilianza kwenda mwaka 1949, kutoka Mkwaya karibu na Lindi; mwaka 1954 reli ikafika bandari ya Mtwara, na baadaye tawi likaenda Masasi. Mpango wa karanga wenyewe uliachwa mwaka 1951, kwa sababu ardhi na mvua havikuwa kama walivyoandika watu wa ofisini. Reli ikaendelea kidogo bila karanga, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Leo mtu anaweza kupita mahali pale asijue.

Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1962 ni mzee sasa. Ikiwa katika darasa lako, au katika ukoo wako, yuko mtu aliyeishi Nachingwea, Masasi au Mtwara siku zile, akaipanda treni ile au akaikimbilia kuipungia mkono, basi huyo ni kabati la kioo linalotembea. Mwombeni aichore kwenye udongo kwa kijiti. Mabehewa yalikuwa mangapi? Rangi gani? Filimbi yake ililiaje? Mpeni kijana aliye hodari wa waya akae karibu naye. Watapata mfano wa garimoshi la Kusini, nao utakuwa kitu cha thamani, hata kama magurudumu yake ni ya kandambili.

Sasa neno la mwisho kabla ya kazi ya nyumbani, na hili ndilo linaloniuma. Katika makumbusho kadhaa ya Ulaya wameweka vigari vya waya vilivyochukuliwa Afrika. Vimetunzwa vizuri, havina kutu. Lakini ukisoma kibandiko kilicho chini yake, mara nyingi hukuti jina la mtoto aliyekiunda. Utakuta jina la nchi, pengine jina la aliyekinunua. Fundi mwenyewe hayupo. Hakuna aliyemnyang'anya jina kwa nguvu. Siku ile kilipochukuliwa, hakuwako mtu aliyeandika. Huko Liverpool jina la Hornby lilipigwa chapa juu ya kila sanduku. Kijana wetu aliyekata soli ya kandambili ikawa duara barabara, bila bikari, hana hata herufi moja.

Ninyi mnaweza kuandika. Miezi michache iliyopita wengine wenu hamkuweza, leo mnaweza. Kwa hiyo kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanakisomo alete kichezeo kimoja kilichoundwa kwa mkono na mtoto wa nyumbani kwake, au aunde mwenyewe kama alivyokuwa akiunda utotoni. Akiomba cha mtoto, aombe kwa adabu na aahidi kukirudisha. Halafu aandike kibandiko, maneno yasiyopungua ishirini na yasiyozidi arobaini. Kiseme ni kitu gani, kimeundwa kwa nini, nani amekiunda na ana umri gani, mahali gani, na mwezi na mwaka gani. Mwisho kiseme jambo moja ambalo mtazamaji hawezi kuliona kwa macho. Mwalimu aandike mfano huu ubaoni, nafasi iachwe penye jina:

"Lori la waya na kandambili. Limeundwa na ............, mwanafunzi, miaka 11, Namtumbo, Julai. Waya umetoka kwenye uzio wa zamani wa babu yake. Usukani hugeuza magurudumu ya mbele kweli kweli. Kazi ilichukua siku tatu."

Someni kibandiko kwa sauti mbele ya mtoto mwenyewe kabla ya kukibandika. Yeye ndiye atakayesema kama siku zilikuwa tatu au tano, na kama waya ulitoka kwa babu au ulitoka mahali pasipotajwa. Makosa yasahihishwe hapo hapo.

Meza ya maonyesho na iwekwe mbali na dirisha, mvua isiingie. Mikebe ipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa isishike kutu. Na ncha za waya zilizochongoka zikunjwe ndani kwanza, maana watoto wadogo watakuja, nao hawataweka mikono nyuma.